Tani Moja ya Kaboni Uani kwa Sista

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Manispaa, idara ya mazingira. Nimepewa kizibao cha njano kinachong'aa (saizi ya mtu mnene), utepe wa kupimia, chaki, na kidude cha kuchungulia vilele — unasimama mbali na mti, unafumba jicho moja, kinakuambia urefu wake. Kumbe siwezi kufumba jicho moja. Nafumba yote mawili. Bosi alinitazama tu, akaondoka.

Bosi wanamwita Desimali. Karani aliniambia hata kabla sijapata kiti. Ukimwuliza hali, anafikiria kwanza, asije akakosea hata nukta.

Kazi yenyewe: kujua miti ya mjini imehifadhi kaboni kiasi gani. Ya barabarani, na hasa ya uani kwa watu, maana huko ndiko iliko mingi. Hatukati kitu. Tunazungusha utepe kwenye shina usawa wa kifua, tunapima urefu, tunaandika aina ya mti, kompyuta inakadiria uzito wake ukikauka. Nusu ya uzito huo, au karibu nusu, ni kaboni. Basi.

Nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, sijawahi kuona. Kisha akamwambia mume wangu — mimi nimekaa pale pale — kwamba msomi alimtaka mwenyewe, na sasa msomi anakwenda kupima viuno vya miti.

Jumanne, 4 Machi

Desimali kasema tuanze na mtaa wetu, eti mwenyeji hupokelewa vizuri. Uongo mtupu! Kizibao cha njano, utepe na chaki — kwa watu wote duniani hiyo ni bomoabomoa. Mageti yalifungwa mbele yangu moja baada ya jingine, pa, pa, pa, kama nimebeba ugonjwa. Fundi cherehani alitoka na hati ya kiwanja mkononi kabla hata ya salamu. Mama mmoja alitaka kujua barabara itapita chumbani au jikoni, maana jikoni ana jiko jipya. Nikamwambia napima miti tu. Akasema ndivyo wanavyoanza.

Miti niliyopima: miwili. Mmoja ni wa kwetu.

Jumatano, 5 Machi

Leo angalau. Sista kanifungulia.

Sista ni nesi mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaa mzima umepita mikononi mwake: wamezaliwa, wamechomwa sindano, wameshonwa. Anaishi peke yake na mjakaranda. Mti huo! Umeinamia paa kama mtu anayesikiliza umbea. Ua mzima zambarau. Shina halikumbatiki, ikabidi Sista ashike ncha moja ya utepe, mimi nizunguke na nyingine. Aliuliza maswali mazuri, nikajiona profesa. Nikapiga hesabu pale pale kwenye simu, nikamtangazia: Sista, hapa umekaa na zaidi ya tani moja ya kaboni!

Nilidhani atafurahi. Akauachia utepe. Kaboni? Kaboni hii hii?

Hii hii! nikasema. Wingu lilikuwa limetanda, nikakimbia kabla mvua haijanikuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kaja na swali. Sista amemwuliza kama mfenesi wetu nao umepimwa. Je, una kaboni?

Tena nyingi, nikasema, kwa madaha kabisa.

Na kaboni si ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa madirisha yamefungwa?

Kabla sijameza tonge, mume wangu kajibu. Yeye ni fundi wa friji. Gesi zote za ulimwengu huu anaziona jamaa zake. Kasema ndiyo, kaboni ni hatari sana, haina harufu, haina rangi, unajikuta umekufa. Nikasema hapana, hiyo ni nyingine, hiyo imeungana na oksijeni. Akaniuliza kwani oksijeni nayo ni mbaya? Nikasema si mbaya. Akasema sasa je.

Mama akahitimisha. Nesi kasema sumu, fundi kasema sumu, aliyebaki ni mpima viuno peke yake.

Nikapandwa na hasira. Nikasema kaboni iko kila mahali! Imo kwenye mkate, imo kwenye fenesi, hata wewe mama una kaboni!

Nisingesema hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekwenda zahanati kupimwa kaboni. Daktari alimpima presha. Imepanda. Amerudi na ushahidi.

Mfenesi uko dirishani kwake. Kwa hiyo godoro lake limehamia chumbani kwetu, na sisi tumehamia sebuleni. Mume wangu anakoroma sakafuni kama trekta. Nimemwuliza kama bado anaamini maneno yake. Kasema la msingi ni mama apumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisikia mashine nikiwa nafua. Nilijua. Sijui nilijuaje, lakini nilijua. Nikakimbia na povu mikononi.

Msumeno ndiye mkata miti wa mtaa mzima, mtu mfupi, mikono kama magogo yenyewe. Alikuwa tayari yuko chini, anajifuta jasho. Mjakaranda umelala kutoka ukutani hadi mlangoni, maua bado yako juu yake. Uani kwa Sista kumekuwa kweupe. Nyumba imebaki uchi. Hata paa lilionekana dogo.

Sista alikuwa amejifunga kitambaa puani. Akaniambia asante mwanangu, umeniokoa, mimi nilikuwa nalala na dirisha wazi chini ya kitu kile miaka yote.

Asante! Nikasema... sitaki hata kuandika nilichosema. Nilisema pole na kazi.

Jumapili, 9 Machi

Msumeno ameitwa nyumba nyingine tatu. Zote nilishapita na utepe. Mashine inalia tangu watu watoke ibadani.

Mama mkwe naye ameweka miadi. Mfenesi wetu ni Alhamisi. Kasema Msumeno ana foleni, tena tushukuru tumepata nafasi.

Jumatatu, 10 Machi

Nikamwambia Desimali yote. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Akasimama, macho yakamng'aa. Umekatwa wote? Mpaka chini? Na matawi yako pale pale?

Alifika kwa Sista na mzani wa muuza vyuma chakavu kwenye mkokoteni. Mzee yule anacheka peke yake! Akanieleza kwamba watu huishi maisha yao yote wakikadiria, wasipate hata siku moja kuuweka mti wenyewe kwenye mzani. Tukapima gogo baada ya gogo. Matawi tukayafunga mafungu. Desimali alichukua hata kipande cha kwenda kukausha, ajue maji ni kiasi gani, akakipakata kama kichanga.

Sista alisimama mlangoni anatuangalia. Kitambaa kiko mkononi sasa, si puani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini: mbona huyu bwana anakumbatia sumu?

Nikasema nitakueleza, Sista. Desimali akaniita nishike mkokoteni.

Jioni majibu ya awali, kipande hakijakauka bado: tulizidisha! Hesabu yetu ni ya miti ya msituni, iliyonyooka, imejaa. Ya mjini imenyongwa na lami, imepunguzwa na watu wa umeme kila mwaka. Si zaidi ya tani. Haifiki hata tani. Kwa hiyo mti ule umekatwa kwa namba ambayo hata si sahihi.

Desimali kasema ni matokeo mazuri mno. Nikaenda chooni nikalia kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano kesho. Amekubali haraka kwa sababu ana mti wake mkubwa na mkewe ameshamnunia.

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya mume wangu. Alisinzia kwenye "usanisinuru".

Jumatano, 12 Machi

Tumetoka mkutanoni sasa hivi. Niandike kabla sijapoa.

Walijaa. Viti vya plastiki viliisha, wengine wakakaa kwenye magogo — magogo yale yale! Mama mkwe mstari wa mbele, mkoba mapajani. Nikaanza na karatasi yangu. Kaboni ni elementi. Mtu wa nyuma akauliza elementi ni nani. Nikasema inapatikana katika viumbe hai. Minong'ono. Mama mkwe akageuka, akawaambia kwamba hilo nyumbani alishaambiwa, na presha ikapanda.

Nikakunja karatasi. Jiko la mama ntilie lilikuwa pembeni, nikaenda nikachomoa kipande cha mkaa kwenye gunia lake, nikakinyanyua.

Nikasema: hii ndiyo kaboni. Mnayo majumbani mwenu, gunia zima, watoto wanachorea ukutani. Kuna gunia lililowahi kuua mtu limekaa kimya jikoni?

Mwenyekiti akajibu: hakuna.

Nikasema kinachoua ni mkaa ukiwaka mahali pamefungwa. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa gesi, na gesi ile ndiyo muuaji. Lakini mti hauwaki! Mti unafanya kinyume chake. Unavuta hewa chafu — ya magari, ya majiko, ya sisi wenyewe tunavyopumua — unaigeuza mbao. Kaboni ya mti haitoki kuja kukufuata kitandani. Imefungwa humo. Mti ni hewa iliyoganda. Ndiyo maana serikali inataka kujua ni kiasi gani, tusije tukaiachia.

Hapo wakaanza kutazamana. Fundi cherehani kasema kumbe! Nikahisi nimefika.

Ndipo Sista akasimama.

Hakupaza sauti. Kasema alikuwa zamu, mwaka wa baridi kali, wakaletwa watu wa chumba kimoja. Baba, mama, na mtoto wa kunyonya. Jiko lilikuwa chini ya kitanda. Mtoto peke yake ndiye aliyepona, na yeye Sista ndiye aliyembeba mpaka ndugu walipopatikana. Tangu hapo kila mama aliyejifungua alimwambia neno moja kabla hajamruhusu kwenda nyumbani. Kaboni. Haina harufu, inaua. Amelisema mpaka amestaafu.

Wanawake kadhaa waliitikia kwa kichwa. Waliambiwa.

Akanigeukia. Kwa hiyo mjakaranda wangu haukuwa na kosa.

Haukuwa, Sista.

Na wewe ulijua, siku ile uliponiambia.

Nilijua.

Mbona hukukaa ukanieleza?

Nikasema mvua ilikuwa inakuja.

Hakuna aliyecheka. Sista akakaa. Mwenyekiti akakohoa, akafunga mkutano.

Nyumbani mama mkwe alipitiliza hadi chumbani kwetu. Akachukua godoro lake mwenyewe, akaliburuta hadi chumbani kwake, akafungua dirisha la upande wa mfenesi. Kisha akarudi, akaninyooshea kidole: una maneno mazuri, lakini unayatoa yakiwa yameshachacha.

Alhamisi, 13 Machi

Msumeno alifika mapema na mashine yake. Mama mkwe akamkuta getini, akamwambia mti huu una kaboni nyingi, hauguswi. Msumeno akasema si ndiyo sababu mliniita? Mama akasema ndiyo, na ndiyo sababu nakufukuza. Yule bwana aligeuza na mashine yake, anajisemea peke yake.

Na sasa balaa jingine! Watu wananitafuta wenyewe. Mageti yako wazi, chai inanisubiri. Mwenyekiti anataka ijulikane rasmi kwamba mti wake ndio mnene kuliko wote, na nilipokuwa nazungusha utepe nikamwona amepenyeza mkono wake ndani. Nikamwambia mwenyekiti, toa mkono. Kasema ulinaswa.

Fundi cherehani ana mipapai na migomba. Nikamweleza kwamba mgomba si mti, shina lake ni majani yaliyokunjana. Na mpapai je? Nao hatuhesabu. Akaniuliza kama nina ugomvi na familia yake. Akasema mpapai wake umelea watoto watano, leo mtoto wa juzi mwenye kizibao aje aseme si mti! Nikaenda zangu. Alinifuata hadi kona akiwa ameshika papai.

Mama mkwe anawaambia wapita njia kwamba mkwewe ni mtaalamu wa kaboni. Mkwewe huyo ni mimi. Nimeuliza mara mbili.

Nilipita kwa Sista. Mlango umefungwa.

Ijumaa, 14 Machi

Sista kaja nyumbani. Nikamwamkia, shikamoo. Akakaa kwanza, akapanga kanga yake magotini, ndipo akaitikia marahaba. Ilikuwa safari ndefu, marahaba ile.

Kasema muuza mkaa anayataka magogo yote ya mjakaranda. Nikimpa, ile kaboni inakwenda wapi?

Nikasema atayachoma, sehemu kubwa inarudi hewani.

Na nikipasua mbao?

Safari hii nikakaa. Nikamwambia mama mkwe asilete chai kwanza. Nikamweleza polepole: mbao ikibaki kavu, isioze, isichomwe, kaboni inabaki humo humo. Benchi ni kaboni. Kitanda ni kaboni. Inakaa miaka na miaka, inamsubiri mtu wa kuichoma.

Akafikiria. Zahanati akina mama wanasubiri wakiwa wamesimama, kasema, tangu enzi zangu. Basi muuza mkaa atafute kwingine.

Nikasema Sista, nisamehe. Akasema hilo tutaliona. Kwa sasa kesho unaanza saa ngapi? Nakuja. Wewe kupima unajua, kuongea na watu hujui.

Mama mkwe akaitikia toka jikoni: kweli kabisa!

Jumamosi, 15 Machi

Naandika barabarani. Nina nafasi ya kutosha, acha tu.

Asubuhi ilikwenda kama maji. Sista anagonga, anasema "ni mimi," mlango unafunguka. Haelezi kaboni. Anauliza mguu unaendeleaje, mtoto ameota meno, na wewe ile dawa ulimaliza au uliacha katikati? Wakati wanajitetea, mimi nimeshazungusha utepe. Akishaona nimemaliza ananigeukia: haya, waeleze sasa, tena taratibu. Nawaeleza. Nikiongeza mwendo ananikanyaga mguu.

Mti wa mwisho wa mtaa ndio mkubwa kuliko yote. Tulikuwa tunaona kilele tu, juu ya ukuta mrefu, sikujua ni kwa nani. Ni mti wa tini, mkubwa ajabu, umefunika nyumba, ua, na nusu ya barabara. Ndege wanagombana humo kama sokoni. Sista akagonga. Ni mimi.

Hakuna.

Akagonga tena. Sauti ya mwanaume toka ndani: nani mwingine?

Nikasema manispaa, kupima miti.

Ondokeni!

Ni Msumeno! Ni kwake! Mtu aliyelaza chini nusu ya mtaa anaishi chini ya mti kama ule!

Nikamwambia hatukati, tunapima tu. Kasema anajua sana mnavyopima tu. Kila mti mliouzungushia kamba, yeye ndiye aliyepigiwa simu. Amekata minne. Anajua kinachofuata. Huu ulikuwapo kabla hajazaliwa, mkewe alijifungulia kivulini mwake, na mtu akiusogelea na utepe watafikishana mbali.

Sista: mkeo alijifungulia mikononi mwangu. Nilikuwapo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mizizi.

Ndani kitu kizito kikawekwa chini.

Msumeno: shikamoo Sista.

Marahaba. Fungua.

Siwezi, Sista.

Na mimi siondoki, kasema Sista. Uliponikatia wangu hukuniuliza hata mara mbili.

Nyayo zikaanza kuja upande wetu. Kisha sauti, sasa imeshuka: Sista, nilidhani unajua. Wewe ndiye unayejua.

Sista aliangalia juu, kwenye matawi yaliyotuzidi ukuta. Mimi nikafungua mdomo nieleze mambo ya kaboni, nikakanyagwa.

Desimali kapiga simu, anataka namba ya mtini kabla ya jioni, hata ya kukadiria. Nimemwambia asubiri. Kaniuliza mpaka lini, kwa takriban? Nimekata simu! Bosi!

Sista amelalamika miguu, kwa sauti ya kusikika. Sasa hivi kiti kimepitishwa juu ya ukuta, kimeshikwa na mikono miwili minene. Nikakipokea, Sista akakaa. Kidogo tena, kiti cha pili. Ni changu.

Geti bado limefungwa. Sista amekunja mikono. Ndani nasikia sufuria. Msumeno anauliza, yuko karibu kabisa na geti, karibu sana: chai yenu niweke sukari, au mtaingia kuweka wenyewe?